Boksi la Chaki

Siku niliyopewa darasa la kwanza chuo kikuu, mwaka 1979, mkuu wa idara aliniita ofisini kwake, akafungua mtoto wa meza, akanikabidhi boksi la chaki na karatasi mbili zilizopigwa chapa zenye muhtasari wa kozi. "Jumatatu, saa mbili, chumba kile cha juu," akasema. Akanitakia heri, tukaagana. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote ya ualimu.

Simlaumu mzee yule, maana naye alianza vivyo hivyo. Chuo chenyewe sikitaji, kwa kuwa kisa hiki kingeweza kutokea katika chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki miaka ile. Lakini hebu msomaji alitazame jambo lenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi alipita chuo cha ualimu, akafundishwa kuandika andalio la somo, akapelekwa mazoezini na mkufunzi akaketi nyuma ya darasa na daftari lake. Hata wale vijana wa Tanzania walioitwa walimu wa UPE, waliochekwa sana mitaani miaka ya sabini, walikuwa wakifunzwa huku wakifundisha. Sisi tuliowafundisha wakufunzi wa hao wote hatukudaiwa kitu ila alama nzuri katika mitihani.

Nimejiuliza mara nyingi jambo hili lilianzia wapi. Zamani haikuwa hivyo. Katika darsa za mwambao wetu, mwanafunzi alikaa miaka mbele ya shehe wake, akasoma kitabu mpaka shehe akaridhika, ndipo akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu hicho kwa wengine. Huko Ulaya ya kale nako shahada ilikuwa ndiyo ruhusa ya kufundisha. Neno "daktari" lenyewe limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Mambo yaligeuka katika karne ya 19, hasa Ujerumani, utafiti ulipopewa kiti cha mbele na udaktari ukawa ushahidi kwamba mtu ameandika tasnifu. Jina likabaki lile lile, kazi ikawa nyingine.

Mfumo huo ndio uliotufikia, na ulitufikia kwa njia ya London. Mwaka 1945 Tume ya Asquith ilipendekeza kwa serikali ya Uingereza kwamba makoloni yaanzishiwe vyuo vikuu vitakavyolelewa na Chuo Kikuu cha London mpaka vikomae. Makerere, iliyokuwa imeanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikaingia katika mpango huo mwaka 1949. Dar es Salaam ikafuata tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia 15. Shahada zilikuwa za London. Maswali ya mtihani yalipitiwa na watahini wa London, na majibu ya wanafunzi wetu yalisomwa na macho ya huko. Mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. London ikaondoka. Mtahini kutoka nje akabaki.

Naomba nikae kidogo kwa huyu mtahini, kwani watu wengi humwona kama karani wa kukagua alama. Kwa hakika ndiye mtu pekee katika mfumo mzima aliyeweza kuiona kazi ya mwalimu. Darasa letu lilikuwa milki yetu. Hakuna mwenzako aliyethubutu kuingia kukusikiliza, na kama angeingia ungedhani katumwa. Lakini mtahini alikuja mara moja kwa mwaka, akajifungia na mafungu ya majibu, na humo akakuona waziwazi kuliko kama angekaa mbele yako.

Nakumbuka mwaka 1981. Nilikuwa nafundisha jiografia ya tabianchi, na mtahini wetu alikuwa mzee mmoja kutoka nchi jirani, mtu wa maneno machache. Siku ya tatu akaniita, akanionyesha majibu ya swali la nne. Swali liliwataka wanafunzi waeleze mvua za Kilimanjaro. Msomaji anayeujua mlima ule anafahamu kwamba miteremko ya kusini, huko Marangu na Machame, ndiko kwenye mvua nyingi, migomba na kahawa, na kwamba upande wa kaskazini ni mkavu. Katika majibu yale, zaidi ya nusu ya darasa ilikuwa imeupeleka unyevu kaskazini.

"Mwanafunzi mmoja akikosea, kosa ni lake," akasema yule mzee. "Thelathini wakikosea kwa maneno yale yale, wamelitoa mahali pamoja. Ulichoraje?"

Nikachukua kalamu nikamchorea, kama nilivyowachorea wao ubaoni. Akaitazama, akanirudishia. "Kaskazini iko wapi hapa?"

Sikuwa nimeweka mshale. Nilikuwa nimeuchora mlima kana kwamba nimesimama Moshi nikiutazama, nikaweka mawingu upande wangu, kwa akili yangu kusini ikiwa chini. Kumbe nusu ya darasa walidhani nautazama mlima kutoka Kenya. Muhula mzima nilikuwa nimefundisha kitu ambacho sikukisema. Yule mzee hakuniandika katika taarifa yake. Alipandisha alama za wale wanafunzi, nami nikatoka mle chumbani na somo la kwanza la ualimu nililopata kupewa na mtu, miaka miwili baada ya kuajiriwa.

Wenzetu wa nchi tajiri nao hawakututangulia mbali kama tulivyodhani. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilifungua kituo cha kuwasaidia wahadhiri wake kufundisha mwaka 1962, nacho ndicho cha kwanza cha namna yake nchini humo. Uingereza, kamati ya Hale ilitoa ripoti mwaka 1964 kuhusu namna vyuo vikuu vinavyofundisha, ikashauri wahadhiri wapya wapewe mafunzo. Ushauri huo ukasubiri sana kabatini, hata mwaka 1997 kamati ya Dearing ikalazimika kulirudia jambo lile lile kwa nguvu zaidi. Mwaka huo huo UNESCO ikapitisha pendekezo lake juu ya hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa wote. Tofauti ni kwamba sisi tulipatwa nao wakati mbaya.

Maana idadi ilibadilika. Darasa la watu 15 humsamehe mwalimu mengi. Asiyeelewa atanyoosha mkono, au atakufuata kwenye kahawa. Miaka ya themanini fedha za serikali zilipungua, mishahara ikaliwa na bei, wahadhiri wengi wazuri wakaenda kusini mwa Afrika na Ulaya, na waliobaki wakafuga kuku. Wakati huo huo milango ilifunguliwa. Kenya ilichukua wanafunzi wa miaka miwili kwa mkupuo mwaka 1987, na mwaka 1990 wahitimu wa mwisho wa Kidato cha Sita na wale wa kwanza wa 8-4-4 wakajikuta wanagonga mlango mmoja. Kwetu pia chumba cha watu 80 kilianza kujazwa watu 200, wengine dirishani. Ule uanagenzi mdogo uliokuwapo, wa kijana kuongoza semina za profesa wake na kumwiga, ukafa kimyakimya, kwa sababu profesa hayupo na semina hazipo.

Ndipo ninapofika mahali ambapo sipendi kufika. Mwaka 1990 mimi nilikuwa mkuu wa idara. Tulimwajiri kijana mmoja, mkufunzi msaidizi, ambaye alama zake zilikuwa bora kuliko zangu za zamani. Nilimpa mwaka wa kwanza, wanafunzi zaidi ya 300. Nikamwita ofisini, nikafungua mtoto wa meza, nikampa boksi la chaki.

Wiki ya nne nilisikia kelele kutoka ukumbini. Wanafunzi walikuwa wakipiga madawati. Kijana alikuwa na sauti ndogo, kipaza sauti hakikuwapo, na alikuwa akisoma kutoka katika karatasi. Nilipita nje ya mlango nikaendelea na safari yangu ya maktaba. Niliambia nafsi yangu kwamba nikiingia nitamvunjia heshima, na kwamba sote tulipitia hayo. Mwisho wa muhula aliandika barua ya kuacha kazi, mistari mitatu.

Mwaka 1994 ndipo nikahudhuria warsha yangu ya kwanza ya ufundishaji wa chuo kikuu, siku tano, hotelini, kwa fedha za wafadhili. Nakiri kwamba wengi wetu tulifuata posho. Siku tatu zilipita katika mabango kitita na makundi ya majadiliano, na sikumbuki chochote. Siku ya nne kila mmoja wetu aliagizwa afundishe dakika 10, wenzake wakiwa wanafunzi, mbele ya kamera ya video. Mtindo huo ulibuniwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya sitini kwa ajili ya walimu wa shule. Niliuona mgongo wangu. Dakika 10, na karibu saba kati ya hizo nilikuwa nikizungumza na ubao. Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nikimfikiria yule mtahini, kisha yule kijana.

Siku hizi mambo yamesogea. Vyuo vingi vina kozi fupi za ufundishaji kwa waajiriwa wapya, na wanafunzi hujaza fomu za kumpima mwalimu. Mlango wa kuingilia, hata hivyo, bado unalindwa na alama: Tanzania mkufunzi msaidizi hutakiwa GPA isiyopungua 3.8, na Kenya tume ya vyuo vikuu ilitangaza mwaka 2014 kwamba mhadhiri sharti awe na uzamivu. Vipimo hivyo sivipingi. Vinapima alivyojibu maswali ya wengine.

Yule kijana nilikutana naye miaka mingi baadaye, kituo cha mabasi, mvi zimemwanza. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na alinisalimu kwa adabu zote: "Shikamoo, Mwalimu." Tulizungumza habari za watoto na bei ya saruji. Basi langu lilipoanza kuita abiria, akanishika mkono, hakuuachia.

"Mwalimu, siku ile wanafunzi wanapiga madawati, nilikuona mlangoni. Nilidhani unakuja kukaa nyuma."

Nilimwambia kweli: kwamba mimi mwenyewe hakuna aliyepata kuja kukaa nyuma ya darasa langu, kwa hiyo sikujua kwamba jambo hilo hufanyika. Akatikisa kichwa, akanibebea mfuko mpaka mlangoni mwa basi.