Pilipili ya Dirishani

Nianze na kosa langu mwenyewe. Historia ya wengine nitaifikia baadaye.

Siku hiyo nilikuwa stendi ya Kilosa, kijana niliyemaliza kidato cha nne na kubaki na madaftari mawili ya riwaya isiyokwisha. Akashuka kijana mmoja Mzungu, begi mgongoni, anasubiri gari la Mikumi aende kuona wanyama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alichotaka alikisema vizuri tu: "Chakula cha hapa. Pilipili kali. Si cha wageni." Mimi, kwa kutaka kumheshimu, nikampeleka kwenye mgahawa wenye vitambaa mezani. Akaletewa chipsi kuku na chupa ya sosi nyekundu ya kiwandani, tamu kama jamu.

Alikula kwa adabu. Kisha akanisimulia kwamba alikuwa ametoka Thailand, na mambo yalikuwa ni hayo hayo. Huko Bangkok watu hupika barabarani, mkokoteni hapa, karai pale, na sifa yao ni ukali wa pilipili. Lakini kila alipokaa kwenye benchi, mpishi alimtazama usoni, akapunguza pilipili kabla hajasema neno. Mwenyeji wa pembeni yake anatokwa jasho la raha, yeye kaletewa chakula cha mgonjwa. "Mpishi ananiogopa," akasema. Halafu akaitazama ile sosi na kucheka. Nikaona aibu, maana mpishi wa safari hii nilikuwa mimi.

Nikaita bodaboda, tukaenda kwetu Munisagara kwa bibi.

Bibi yangu aliuza chakula kwenye treni tangu mama yangu hajazaliwa. Mihogo ya kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, na siku njema kuku wa kienyeji. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kushika chupa za pilipili. Nasema chupa, maana zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyanya, chumvi na pilipili kidogo. Ya pili ilikuwa pilipili kichaa zilizotwangwa na chumvi, zikakamuliwa ndimu, zikaachwa juani. Treni ikisimama unakimbia kando ya behewa huku umeinua beseni, na sheria ya bibi ilikuwa hii: abiria akiuliza, "Ni kali?" mpe ya kwanza. Akinyoosha mkono bila kuuliza, mpe ya pili.

Sasa turudi nyuma kidogo. Bonde letu la mto Mkondoa ni njia ya wasafiri tangu zamani. Kabla ya reli, misafara ya pembe na watumwa ilipita Usagara kati ya pwani na Ujiji. Burton na Speke walipita nchi hii mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Hao wote walisafiri na wapagazi wengi, na wapagazi wanakula. Chakula kilinunuliwa njiani kwa shanga na kwa kitambaa cha merikani. Shuleni tulifundishwa habari za Mangungo wa Msovero, aliyetiliana mkataba na Carl Peters mwishoni mwa mwaka 1884, na jinsi karatasi zile zilivyofungua mlango wa utawala wa Kijerumani mwaka 1885. Ni sawa tufundishwe. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia nani alikuwa anawauzia chakula wale waliobeba mizigo. Mimi nasema alikuwa bibi wa bibi yangu, au jirani yake.

Reli ikaanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita bondeni kwetu, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo ukahama kutoka kichwani mwa mpagazi ukaingia kwenye behewa. Msafiri hakulala tena kijijini, alisimama dakika chache tu. Hapo ndipo kilipozaliwa chakula cha dirishani: cha kushika kwa mkono, cha kulipwa upesi, chenye pilipili ya kumwamsha mtu aliyekaa kwenye kiti siku nzima.

Nilipomweleza yule mgeni kwamba hiki ndicho chakula cha asili yetu, nilisema kwa kifua mbele. Baadaye nikasoma, kifua kikarudi nyuma. Pilipili kichaa si ya Usagara wala ya Afrika. Asili yake ni Amerika. Wazungu waliikuta kule baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno wakaitawanya kwa merikebu zao. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikwisha fika Mombasa na Malindi, mwaka 1510 Wareno wakaiteka Goa, na mwaka 1511 wakateka Melaka na kutuma mjumbe Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, ambayo leo ndiyo Thailand. Kwa hiyo ule ukali alioufuata mgeni Bangkok na huu wa chupa ya bibi ni ndugu wa merikebu moja. Hata papai bichi wanalotwanga na pilipili kule lilitoka Amerika, sawa na mihogo na mahindi yetu.

Na sikiliza jambo hili lilivyonifurahisha. Zamani neno pilipili lilikuwa la ile nyeusi, ya punje, iliyotoka India. Mgeni kutoka Amerika alipofika akalichukua jina, na ile ya zamani ikabidi ipewe ubini: pilipili manga, Manga maana yake Uarabuni, kwa sababu ilikuja na majahazi ya Waarabu. Nao Wathai wamefanya vivyo hivyo. Pilipili kali wanaiita phrik, na ile nyeusi wanaiita phrik thai, yaani pilipili ya Kithai. Watu wawili wasiojuana, mgeni mmoja kaingia nyumba zote mbili, akapewa kitanda cha mwenye nyumba.

Je, ndiyo kusema hakuna chakula cha asili? La hasha. Mimi naona asili ya chakula haiko kwenye mbegu, iko kwenye mkono wa anayekipika na mdomo anaoukusudia. Chakula cha kweli ni kile ambacho mpishi mwenyewe atakila jioni. Msafiri anayekitafuta asiulize mgahawa mzuri uko wapi. Atazame wanakokula madereva, makuli na wauzaji wenyewe. Kisha aseme neno moja tu: nipe unachokula wewe.

Neno hilo ndilo mgeni wetu alilisema. Bibi akanigeukia.

"Mume wangu, huyu ana tumbo la kuazima au la kwake?"

"Anasema la kwake, bibi."

"Haya. Lete ya pili."

Nikaingia ndani kuitafuta. Ilikuwa juu ya kabati, imejaa vumbi, na chini imebaki robo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku nyingi sijamwona bibi akitwanga pilipili. Mwaka 2009 ulipokuwa unaisha, mafuriko ya Mkondoa yalikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa treni haikupita. Nilikuwa shule ya msingi, na muhula ule sikuhudhuria kwa kukosa sare na daftari, maana sare yangu ilikuwa inatoka kwenye lile beseni. Treni ilirudi, lakini biashara haikurudi kama zamani. Mwaka 2024 ikaanza treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni nzuri, inakwenda kasi, sina neno nayo. Ila dirisha lake halifunguki.

Mgeni alichovya muhogo, akatafuna, akanyamaza. Machozi yakamtoka, jasho likamtoka, kisha akanyoosha mkono tena, bila kuuliza. Bibi akacheka hadi akashika kiuno. Akadai bei yake, ile ile ya wenyeji, akahesabu chenji mara mbili.

Jioni nikamwomba anifundishe kutengeneza ile ya pili. Nikafungua daftari la riwaya, ukurasa wa nyuma, nikauliza pilipili ngapi, chumvi kiasi gani, jua siku ngapi.

"Weka kalamu chini," akasema. "Kachukue kinu kwanza."