Neodimi

Neodimi (alama Nd, namba atomia 60, uzani atomia 144.24) ni metali ya kundi la lanthanidi, moja ya elementi 17 ambazo kwa pamoja huitwa madini adimu ya ardhini. Ikikatwa hung'aa kama fedha, lakini si kwa muda mrefu: hewa huifanyia tabaka la oksidi linalobanduka magamba na kuacha wazi metali iliyo chini, mpaka kipande kizima kiliwe. Kwa hiyo huhifadhiwa ndani ya mafuta. Huyeyuka kwenye takriban 1,020 °C.

Mwaka 1885, mjini Vienna, mkemia Carl Auer von Welsbach aligundua kwamba didimi, iliyodhaniwa kuwa elementi moja tangu Carl Gustaf Mosander aitangaze, ni mbili: neodimi na praseodimi. Zinafanana mno kikemia, na mfanano huo ndio unaoifanya neodimi kuwa ghali hadi leo.

Maana ardhini si haba; katika ganda la dunia ni nyingi kuliko risasi. Tatizo ni kwamba haikai peke yake. Ndani ya bastnasiti na monaziti imechanganyika na seri, lanthani na praseodimi. Mawe husagwa na kuyeyushwa kwa kemikali kali, kisha mchanganyiko hupitishwa tangi baada ya tangi, mara mamia, kila hatua ikitenganisha kidogo tu. Monaziti huja pia na thori yenye mnururisho, na mabaki yake hayawezi kumwagwa ovyo. Bayan Obo (China), Mountain Pass (Marekani) na Mount Weld (Australia) ni machimbo mashuhuri, lakini usafishaji kwa sehemu kubwa hufanyika China, na mwenye kusafisha ndiye mwenye sauti katika biashara hii.

Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania, ina bastnasiti yenye neodimi na praseodimi. Leseni ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Mpango wa awali ulikuwa kusafishia mzigo Teesside, Uingereza. Gakara nchini Burundi ilianza tena kuchimbwa mwaka 2017, ikasimamishwa mwaka 2021. Kilima cha Mrima, Kwale, nchini Kenya, nacho kina akiba kubwa, lakini juu yake umesimama msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu, wa Wadigo.

Matumizi makuu ni sumaku. Vita vya Shaba vya mwaka 1978, huko Zaire, vilipandisha bei ya kobalti, iliyotegemewa na sumaku bora za wakati huo. Watafiti wakatafuta njia nyingine: Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kivyake, wakafikia mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sumaku hizo zimo katika spika za simu, mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Joto huzidhoofisha, ndiyo maana za mota huongezwa disprosi, lanthanidi nyingine.

Neodimi pia hutumika katika leza za hospitali na viwandani, na hutia kioo rangi ya zambarau. Miwani ya wafua kioo yenye neodimi na praseodimi huchuja mwanga mkali wa njano wa sodiamu.

Mtoto akimeza sumaku mbili za aina hii, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa; apelekwe hospitali mara moja.