Creedence Clearwater Revival: Bendi Iliyokufa Ingali Inapendwa

Mwaka 1969 Creedence Clearwater Revival, bendi ya vijana wanne kutoka El Cerrito, California, ilitoa santuri tatu na kupanda jukwaa la Woodstock. Oktoba 1972 ikavunjika. Wapo wanaosema ladha ya wasikilizaji ilibadilika, kwamba roki nzito ilizipiku nyimbo zao fupi. Ushahidi haukubali. “Sweet Hitch-Hiker”, wimbo wa 1971, uliingia kumi bora Marekani ingawa mpiga gitaa Tom Fogerty alikwisha kujitoa mapema mwaka huohuo. Na Chronicle, mkusanyo wa nyimbo zao uliotolewa 1976, umeuza nakala zaidi ya milioni kumi nchini humo. Mashabiki hawakwenda popote. Kilichoiangusha bendi ni jinsi kazi ya kutunga ilivyogawanywa, au tuseme ilivyokosa kugawanywa.

John Fogerty, mdogo wake Tom, alitunga karibu nyimbo zote mpya, akaziimba, akazipanga na kusimamia kurekodiwa kwake. Utaratibu huo ulileta kasi ya ajabu ya 1969, na hilo lazima tulikiri. Lakini haukuwa wa tangu mwanzo: Tom ndiye aliyekuwa mwimbaji wao walipokuwa vijana wadogo, na walipojiita Golliwogs ndugu hao wawili walitunga pamoja. Halafu mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, kwa santuri ya Mardi Gras ya 1972, Tom hakuwapo, na Stu Cook wa besi na Doug Clifford wa ngoma wakabebeshwa sehemu kubwa ya utunzi na uimbaji. Wao wanasema John aliwalazimisha. John anasema walidai wenyewe. Vyovyote iwavyo, wahakiki waliiponda vikali.

Mtu atasema basi hawakuwa na kipaji. Huenda. Ila John mwenyewe alipitia miaka ya Golliwogs akitoa nyimbo ambazo hazikuvuma, na humo ndimo alimokomaa. Wenzake walinyimwa miaka kama hiyo, kisha wakapimwa hadharani.

Wengine humlaumu Saul Zaentz na mkataba wa kampuni yake ya santuri, Fantasy, iliyotoa kazi za bendi. Mkataba ule ulimuumiza John sana, hata akakataa kwa miaka mingi kuziimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Lakini hauelezi kuondoka kwa kaka yake, ufa wa kwanza wa wazi. Tom alipotoka aliendelea kurekodi na Fantasy ileile, sasa akiwa ndiye mwimbaji.