Nomino za Wingi Zisizo na Wingi

Kila muhula nakutana na sentensi hii kwenye madaftari ya kidato cha pili: "The informations are many." Nakata s kwa kalamu nyekundu, nakata na "are", na mwanafunzi ananiuliza: "Mwalimu, si ulisema hii ni nomino ya wingi?" Ni kweli nilisema. Kosa si lake, ni la istilahi.

Vitabu vyetu vya sarufi huyaita maneno kama maji, mchanga na sukari "nomino za wingi", yaani vitu vinavyotajwa kwa ujumla wake bila kuhesabiwa kimoja kimoja. Lakini wingi huohuo ndio kinyume cha umoja. Kiswahili chenyewe kinazidi kumsukuma mtoto: maji yamemwagika, mayai yamevunjika, kiambishi ni kilekile. Fanicha hizi, taarifa hizi. Kwa Kiingereza "water", "furniture" na "information" hubaki katika umoja. Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo, na s itakaa hapo: "two pieces of furniture". Hili mwanafunzi analijua tangu jikoni kwao: punje za mchele huhesabika, lakini "michele miwili" haisemeki. Na "two coffees" za mgahawani ni sawa na kahawa mbili zetu, kikombe kimejificha ndani.

Ndiyo maana siku hizi nafundisha "nomino zisizohesabika". Ni refu, lakini halimdanganyi mtoto.

"Nomino ambatano" haina tatizo hilo. Maneno yameambatana, kilichobaki ni kuuliza ni nani au nini kinachohesabiwa. Mpita njia wakiwa wengi ni wapita njia. Njia haiguswi, kwa kuwa tunahesabu watu. Kiingereza nacho husema "passers-by", na mama wakwe ni "mothers-in-law". Katika "toothbrush" kinachohesabiwa ni brashi, nayo iko mwishoni, basi s inaifuata hukohuko.

Linalowashangaza zaidi darasani ni "attorney general". Mpangilio wake ni wa Kifaransa cha Wanormani, kivumishi nyuma ya nomino, sawa kabisa na Mwanasheria Mkuu. Wingi ndipo njia zinapoachana: sisi husema Wanasheria Wakuu, tukibadilisha maneno yote, ilhali katika "attorneys general" kivumishi kimebaki vilevile, kwa sababu vivumishi vya Kiingereza havina wingi.