Chakula kilichopanda kwa lifti

Stockholm, mtaa wa John Ericssonsgatan, namba 6. Mwaka 1935 lilifunguliwa hapo jengo ambalo mpangaji hakulazimika kupika. Aliinua simu ya ndani, akaagiza, na kutoka jiko kuu la chini sahani zikapanda kwa lifti ndogo ya ukutani mpaka ndani kwake. Akishiba, alirudisha vyombo vichafu kwa njia ileile. Watoto walikuwa na chekechea yao humohumo.

Msanifu alikuwa Sven Markelius, ambaye naye alihamia hapo. Hoja ilikuwa ya Alva Myrdal, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1982: kwa nini wanawake ishirini katika jengo moja wasimame kwenye majiko ishirini wakikaanga nyama ileile, ilhali wanataka kwenda kazini?

Hoja nzito. Lakini chini kule nani alikaanga? Waajiriwa, wengi wao wanawake. Waliohamia walikuwa hasa wasomi, na ukombozi wa mke wa daktari ulibebwa na mikono ya mwanamke mwingine. Sisi wenye madada wa kazi majumbani hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili.

Mambo yaligeuka Hässelby, magharibi mwa jiji, kwenye jengo kubwa la miaka ya 1950 lenye nyumba zaidi ya 300. Humo wapangaji walitakiwa kununua kuponi za chakula, wale wasile. Mwaka 1976 mwenye jengo akafunga huduma ya mgahawa. Baadhi ya wapangaji wakagoma kurudi kila mtu na sufuria yake. Wakajipanga wenyewe kupika kwa zamu. Ugomvi na mwenye jengo ulikuwa mrefu, ila jambo moja lilishaonekana: wafanyakazi wa kulipwa hawakuwa wa lazima.

Katika miaka hiyohiyo kikundi cha wanawake, Bo i Gemenskap, kilitoa pendekezo. Kila familia ikubali nyumba pungufu kidogo, kama asilimia kumi, na nafasi hiyo ikusanywe iwe jiko kubwa, ukumbi wa kulia na karakana. Kampuni za nyumba za manispaa zilijenga majengo ya namna hiyo miaka ya 1980.

Mmoja wa watafiti wakubwa wa majengo haya, Dick Urban Vestbro, tasnifu yake ya mwaka 1975 ilihusu aina tatu za nyumba za Dar es Salaam, jiji ambako wapangaji wamezoea kugawana ua, choo na zamu ya kudeki. Tofauti ni kwamba kwetu zamu hiyo mara nyingi huwaangukia wanawake. Kwenye majengo ya Bo i Gemenskap unapangiwa kikosi, mnapika siku zenu, kisha mnakula vya wenzenu mpaka zamu irudi. Na wanaume wamo kwenye orodha.