Nani Anasimulia Vita? Shambulio, Ulinzi na Kete ya Kafara katika Michezo ya Ramani

Utangulizi

Tunapojadili uhusiano wa fasihi na historia, mara nyingi mjadala huanzia kwenye riwaya na kuishia kwenye tamthilia. Ni nadra mtu kutaja mchezo. Na ukiutaja mchezo wa mezani, wenzako watacheka: "Huo ni mchezo tu, ndugu yangu, hauna maudhui." Katika makala hii ninakusudia kuonyesha kwamba maudhui yapo, tena yamejificha mahali ambapo mhakiki anapaswa kuangalia kwanza, yaani ndani ya fani yenyewe.

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya vita inayochezwa juu ya ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembesita, mithili ya sega la nyuki. Majeshi ni kete ndogo za kadibodi zilizopigwa chapa ya namba. Michezo hii ina mtunzi, ina wahusika na ina mandhari. Vilevile ina msimulizi, na msimulizi huyo ni kanuni. Hoja yangu ni hii: kanuni za michezo hii zimempa mshambuliaji hesabu, zimempa mlinzi akili, lakini zimewanyima sura wale wanaokufa ili hesabu itimie.

Chimbuko

Mizizi ya michezo hii iko Prussia. Mwaka 1824 ofisa kijana wa mizinga, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita ambao baba yake aliuanzisha kabla yake. Ulichezwa kwenye ramani, kwa dadu, na katikati alikuwepo mwamuzi. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, alipoutazama alisema kwamba huo haukuwa mchezo bali ni shule ya vita, akapendekeza utumike jeshini. Tangu hapo hadhi ya michezo hii imekuwa na utata: wenye jeshi wanasema si mchezo, wenye fasihi tunasema ni mchezo tu.

Mchezo wa aina hii ulifika kwa raia wa kawaida kupitia kwa Mmarekani Charles S. Roberts. Mwaka 1954 alianza kuuza mchezo wake uitwao Tactics kwa njia ya posta, na mwaka 1958 kampuni yake ya Avalon Hill, iliyokuwa Baltimore, ikatoa Tactics II na Gettysburg. Mwanzoni Roberts alitumia ramani ya miraba. Miraba ina kasoro: kete inayokwenda kona kwa kona husafiri mara 1.4 hivi ya umbali wa ile inayokwenda moja kwa moja, na zote zinahesabiwa chumba kimoja. Mwaka 1961, baada ya kuona utaratibu wa pembesita uliotumiwa na taasisi ya utafiti ya RAND, akauchukua. Chumba cha pembesita kina majirani 6, na wote wako umbali ule ule. Kuanzia hapo fani ikatulia, na wengine wote wakaifuata.

Shambulio kama hesabu

Tuchukue Stalingrad, mchezo wa Avalon Hill wa mwaka 1963, unaohusu vita vya Wajerumani na Wasovieti kuanzia Juni 1941. Kila kete ina namba 3: nguvu ya kushambulia, nguvu ya kujilinda, na mwendo. Mshambuliaji hujumlisha nguvu zake, akazigawa kwa nguvu za mlinzi, na baki yoyote inampendelea mlinzi. Akipata uwiano, anarusha dadu na kusoma jedwali.

Siri ya jedwali hilo iko kwenye 3 kwa 1. Ukishambulia kwa 2 kwa 1, dadu mbaya bado inaweza kukufuta wewe mshambuliaji. Ukifika 3 kwa 1, hatari hiyo imekwisha. Baya litakalokupata ni kubadilishana hasara na adui. Ndiyo maana mchezaji anayeshambulia hageuki kuwa Napoleon, bali karani wa stoo. Anahesabu: hapa nina 18, nahitaji 21, nani aniongezee 3? Uwiano huu haukutoka hewani. Ni kanuni ya mazoea ambayo majeshi yamefundishana kwa muda mrefu, kwamba anayeshambulia ngome awe na nguvu mara 3. Roberts alichukua usemi wa wakufunzi akaufanya sheria ya maumbile. Hapo mtunzi ameshatoa msimamo wake juu ya vita, bila kuandika hata sentensi moja ya simulizi.

Ulinzi kama utunzi

Kama shambulio ni hesabu, ulinzi ni kitu gani? Clausewitz, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1832 baada ya kifo chake, alidai kwamba kujilinda ndiyo namna ya vita yenye nguvu zaidi, ingawa lengo lake ni kuzuia tu. Wengi wetu tungepinga, maana tumezoea kumwona shujaa ni yule anayekwenda mbele. Lakini fungua ramani ya Stalingrad uone.

Kanuni inasema kila kete inatawala vyumba 6 vinavyoizunguka, na adui akiingia kimojawapo lazima asimame. Kwa hiyo mlinzi hahitaji kujaza mstari mzima. Akiweka kete, akaacha vyumba viwili vitupu, akaweka nyingine, mstari umefungwa. Pia mlinzi aliyeko nyuma ya mto huhesabiwa nguvu maradufu. Sasa tazama kete ya Kisovieti ya 7-10-4. Nyuma ya mto ulinzi wake unakuwa 20, na ili kupata 3 kwa 1 Mjerumani anahitaji 60. Chumba kimoja hakibebi zaidi ya kete 3. Basi mlinzi akichagua bonde ambalo adui anaweza kumfikia kutoka vyumba viwili tu, hata vifaru bora vya Mjerumani, vyenye nguvu 8 kila kimoja, vitakuwa 6, jumla 48. Hiyo ni 2 kwa 1. Mshambuliaji anakuna kichwa.

Mimi nimecheza upande huo kwenye sanduku la kuazima, na nakiri ladha yake ni kama ya kutunga shairi la arudhi. Vina na mizani vimekwishapangwa, nawe unatafuta mahali pa kusimama ndani yake. Mshambuliaji anasoma kile ambacho mlinzi ameandika. Mto usio na kete ni mchoro wa buluu tu. Mlinzi ndiye anayeufanya uwe na maana.

Lakini tusishangilie mapema. Angalia tena namba ile: 7-10-4. Askari wa miguu wa Kisovieti amechapishwa akiwa hodari wa kujilinda kuliko kushambulia, na namba hiyo haibadiliki mwaka 1941 wala 1943. Kete za Kijerumani zina shambulio na ulinzi sawasawa. Kwa lugha yetu ya uhakiki, huu ni usawiri wa wahusika: mmoja amechorwa kama mhusika duara anayeweza yote, mwingine kama mhusika bapa, mtu wa kupigwa na kuvumilia. Historia inasema vingine. Tarehe 19 Novemba 1942 Wasovieti walianza mashambulizi yaliyolizingira jeshi la sita la Ujerumani mjini Stalingrad, na mabaki yake yakasalimu amri tarehe 2 Februari 1943. Shambulio lile lilikuwa na mipango, siri na kasi. Kwenye kete hamna namba yake. Na Mjerumani hushinda mchezo kwa kukamata Leningrad, Moscow na Stalingrad. Yaani hadithi imejengwa juu ya swali la Mjerumani: je, nitafika?

Kete ya kafara

Hapa ndipo ngoma inapokuwa nzito. Kanuni za michezo ya kundi hili zinataka kila kete ya adui uliyoigusa ishambuliwe. Ukikusanya nguvu zako ili upate 3 kwa 1 dhidi ya kete moja, jirani yake naye anakudai vita, na nguvu zimekwisha. Suluhisho ambalo wachezaji walilizoea ni kumtuma mnyonge, kete ya nguvu 1 au 2, ikamshambulie jirani kwa 1 kwa 5 au 1 kwa 6. Wanajua itakufa au itatimuliwa. Wenyewe wanaiita kwa neno la kunyonya majimaji, kama tambara unalotupia maji yaliyomwagika sakafuni ili wewe upite na viatu vyako.

Tafakari kidogo. Kete moja ya namna hiyo inasimama badala ya maelfu ya watu. Mchezaji mzuri ni yule anayejua kuitoa kafara kwa bei rahisi. Hakuna anayesita, maana hakuna jina, hakuna mama, hakuna barua ya nyumbani. Methali yetu inasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika ramani hizi tembo wapo, lakini nyasi hawakuchapishwa.

Mtu ataniambia: hata kwenye bao tunakula kete. Kweli, lakini tazama tofauti. Bao la Kiswahili lina kete 64, na kete inayoliwa haitoki mchezoni. Aliyeila huisambaza upande wake ikaendelea kuishi. Kwenye Stalingrad kete iliyofutwa hurudishwa sandukuni, na hesabu ya mwezi unaofuata huleta nyingine mpya. Bao halidai kuwa ni historia. Stalingrad inadai, na kwa hiyo ina deni la kusema ukweli.

Deni hilo linaonekana pia katika Afrika Korps, mchezo wa mwaka 1964 juu ya vita vya jangwa la Afrika Kaskazini. Humo huwezi kushambulia bila kete ya mahitaji, yaani petroli, risasi na chakula. Ni kanuni ya busara. Lakini nani aliyebeba? Swali hili si geni kwetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914-1918, vita ambavyo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi bila kufyatua risasi. Msomaji anayepita Kariakoo kila siku anajua kwamba nyuma ya neno "mahitaji" kuna migongo ya watu.

Kanuni inapobadilika

Hata hivyo, itakuwa uvivu kuitupa michezo hii kapuni. Fani hii inaweza kusahihishwa, na imewahi kusahihishwa. Mwaka 1974 John Edwards wa Australia alitoa The Russian Campaign, juu ya vita vile vile, na Avalon Hill wakaitoa upya mwaka 1976. Humo mshambuliaji ana mikupuo miwili katika zamu moja: anasogea na kupigana, kisha anasogea na kupigana tena. Mstari mmoja nyuma ya mto, ule niliousifu, sasa unapasuka, na vifaru vinaingia tumboni. Mlinzi analazimika kupanga safu ya pili, aache wengine nyuma, akubali kurudi. Ulinzi umepata kina. Vita ni vile vile, ramani ni ya nchi ile ile, lakini kwa kubadili kanuni moja mtunzi amebadili simulizi. Nani tena atasema fani ni chombo kitupu cha kubebea maudhui?

Hitimisho

Avalon Hill iliuzwa kwa kampuni ya Hasbro mwaka 1998, na masanduku mengi ya zamani sasa yako mikononi mwa wakusanyaji. Mtazamo wake haukuzikwa humo. Kila mahali vita vinapoelezwa kwa mishale na namba, msimulizi yule wa pembesita bado yupo, na kwake swali ni uwiano tu: tumefika 3 kwa 1 au bado?

Kazi ya mhakiki ni kumuuliza swali jingine. Pale anapotuonyesha kete kubwa 6 zikivuka mto kwa ustadi, tumwombe atusogezee macho upande, kwenye chumba cha jirani, alikotumwa yule wa nguvu 1. Tumuulize alikuwa nani, na nani aliyemtuma.