Kodi ya kaboni: mzigo wake humwangukia nani?

Kodi ya kaboni ni tozo inayowekwa juu ya nishati zinazotoa hewa ukaa, zikiwemo petroli, dizeli, mafuta ya taa na makaa ya mawe. Shabaha yake ni kupandisha bei ya nishati hizo ili matumizi yake yapungue. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia kuianzisha, mwezi Juni 2019.

Hesabu yake

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kwa hiyo tozo ya dola 10 kwa kila tani ni kama senti 3 za dola kwa lita. Kiasi hicho ni kidogo kwa mwenye gari. Lakini bidhaa nyingi zinazouzwa Bujumbura husafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, na gharama ya safari huingia katika bei ya chumvi, sabuni na nauli. Mkulima wa milimani huguswa mara mbili: anaposhusha ndizi zake mjini, na anaponunua mahitaji ya nyumbani.

Si kila mafuta ni sawa

Palipo na magari machache, sehemu kubwa ya kodi ya petroli hulipwa na wenye nacho. Mafuta ya taa ni kinyume chake. Mwaka 2018 Kenya iliyatoza shilingi 18 kwa lita ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Tozo hiyo haikuwa ya kaboni, lakini iliwagusa hasa wanaopikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo. Mafuta ya taa yakiwa ghali, wengi hurudi kwenye kuni na makaa, na misitu ndiyo inayoumia.

Fedha zinakwenda wapi?

Nchini Ufaransa, wakazi wa vijijini na miji midogo wanaotegemea magari waliandamana kuanzia Novemba 2018, na serikali ikaacha nyongeza ya kodi hiyo. Uswisi, kwa upande wake, hurejesha takriban theluthi mbili ya makusanyo ya tozo yake kwa wananchi na makampuni. Wananchi hupata fungu lao kwa kupunguziwa ada ya bima ya afya.

Haki baina ya mataifa

Azimio la Nairobi la Septemba 2023 lilipendekeza kodi ya kaboni ya dunia nzima, itakayogusa biashara ya mafuta, usafiri wa meli na wa ndege. Hoja yake ina uzito hapa. Mchango wa Burundi katika kuchafua anga ni mdogo mno, ilhali wakazi wa Gatumba wamehamishwa mara kadhaa na mafuriko ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo kodi ya namna hii hupimwa kwa maswali matatu: inatoza nini, inamfikia nani, na fedha zake zinamrudia nani.